Sajini Havuki Kizingiti

Mbwa wa Muigai alikufa akiwa amefungiwa, na hilo ndilo lililomnyima jirani yake Auma raha. Angekufa akizurura barabarani, watu wangesema ni kiherehere chake, ameokota vya watu. Lakini Muigai, yule mwenye duka la mabati na misumari pale kwenye kona, alikuwa amemjengea mbwa wake kibanda cha maana, wavu wa chuma pande zote na kufuli juu yake. Wezi hawakujisumbua na kufuli. Walipenyeza nyama yenye sumu kwenye matundu ya wavu, wakaenda zao. Asubuhi Muigai alipompelekea uji alimkuta amelala ubavu, povu limekauka mdomoni, miguu imekakamaa. Huyo alikuwa mbwa wa tatu kufa katika mtaa huo wa Ruiru. Kwa wale wawili wa kwanza, wezi walisubiri kidogo tu kisha wakarudi kubeba televisheni na mitungi ya gesi, wakijua hakuna wa kuwabwekea.

Auma alitoka kumpa Muigai pole akiwa na hasira asiyojua aielekeze wapi. Alipofungua geti lake, Sajini alimjia mbio, mkia ukimchapa mapajani, pua ikinusa sketi yote kana kwamba mama wa watu ametoka safari ya mbali. Alikuwa mbwa mkubwa wa rangi ya chai ya maziwa, sikio moja limesimama, jingine limelala.

"Na wewe," Auma alimwambia, "na huo ulafi wako, wewe hata hawatanunua nyama. Watakurushia soksi."

Hakuwa anamsingizia. Sajini alikula maganda ya ndizi, alikula vichwa vya omena, na mwaka jana alikula nusu mche wa sabuni akatembea siku nzima akitoa mapovu. Mtu akimrushia nyama usiku angebweka mpaka itue chini, halafu angenyamaza aile, tena angetikisa mkia kwa shukrani.

Tuseme wazi ili tusipotezane: Auma hakuwa anahofia televisheni. Austine, mtoto wao wa pekee, alikuwa amepata kazi Nakuru na alipiga simu Jumapili. Mumewe, Erastus Oluoch, aliondoka alfajiri kwenda kiwandani Thika na kurudi jioni akiwa amechoka na maneno yamemwisha. Mchana kutwa kiumbe wa kuongea naye katika boma lile alikuwa Sajini. Auma alimweleza mambo ya chama, mambo ya kanisa, nani amemwangalia vibaya na kwa nini, naye Sajini alisikiliza bila kumkatiza. Auma alimpenda mbwa yule, ingawa hakuwahi kuthubutu kulisema hilo mbele ya watu wazima.

Mwenzako akinyolewa, wewe tia kichwa chako maji. Kibanda cha Sajini kilikuwa cha wavu vilevile, na jiko la nje lilikuwa na pazia tu badala ya mlango. Basi dawa ilikuwa moja: giza likikaribia, mbwa aingie ndani ya nyumba, mlango ufungwe, alale sebuleni hadi asubuhi. Hata mtoto wa chekechea angeifikiria. Lakini Sajini hakuwa mbwa wa kuingia ndani ya nyumba, na aliyemfanya hivyo alikuwa Erastus.

Erastus alikuwa msimamizi katika kiwanda cha juisi huko Thika, mahali ambapo watu hutembea kwenye mistari ya njano iliyochorwa sakafuni na anayetoka nje ya mstari huitwa ofisini. Miaka yote hiyo ya mistari ilikuwa imemwingia kwenye damu. Sajini alipoletwa angali kitoto, nyumba ndiyo kwanza imekwisha kupakwa rangi, Erastus alitangaza kwamba mbwa ni wa nje na kizingiti ndio mpaka. Kila mguu mdogo ulipovuka, ndara ilishuka. Hakupiga kwa hasira, maana si mtu wa hasira. Alipiga kwa utaratibu, kama karani anayegonga muhuri. Auma alipolalamika aliambiwa kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.

Sajini alijifunza. Alijifunza hadi ikawa maonyesho. Wageni wakija, baada ya chakula, Erastus alichukua mfupa wenye nyama, akauweka katikati ya kapeti, akafungua mlango wazi kabisa na kuketi kwenye kochi. Mbwa alikuja mpaka kizingitini, akakaa, mate yakimdondoka hadi kifuani, macho kwenye mfupa, na hakuvuka. Wageni walipiga makofi. Siku moja hata pasta alipiga makofi, akaahidi kulitumia jambo hilo kwenye mahubiri, na kweli akalitumia. Kila mchezo huo ulipoanza Auma alikumbuka sufuria fulani jikoni, akaenda kuisugua.

Mchana ule, baada ya kutoka kwa Muigai, Auma alianza na omena. Akaziweka kwenye sahani katikati ya sebule, akapiga mluzi. Sajini akaja, akakaa kizingitini. Auma akaongeza ugali. Akaongeza supu. Mwishowe akaenda buchani kununua matumbo, akayachemsha na chumvi hadi mtaa mzima ukanukia, akayaweka palepale kapetini. Mbwa alilia. Alilia kwa sauti nyembamba ya kitoto, akijilamba, akigeuza kichwa upande asiyaone yale matumbo. Lakini kuvuka, hapana.

"Ingia, mjinga wewe! Mimi ndiye nimekuambia uingie!"

Ilikuwa ni kumpigia mbuzi gitaa. Auma akamshika ukosi akavuta. Sajini akakita miguu yote minne kwenye mkeka wa kufutia viatu, na mkeka ukaja pamoja naye mpaka kizingitini, hapo akajirusha nyuma na ukosi ukamvuka kichwa. Auma alianguka kwa makalio ndani ya sebule yake mwenyewe, ukosi mkononi.

"Mama Austine!" Sauti ilitoka juu ya ua. Ilikuwa ya Wamboi, jirani wa upande wa pili, mwanamke mwenye moyo mzuri na macho yasiyolala. "Kwani mnafanya nini na huyo mbwa?"

"Nataka aingie."

"Aingie wapi?"

"Kwa nyumba."

"Ngai! Kwa nyumba ya watu? Akae kwa kochi?"

"Wamboi, wacha maswali. Kuja unisaidie kusukuma."

Wamboi alikuja, maana jambo kama hilo hulioni kila siku. Auma alivuta mbele, Wamboi akasukuma nyuma, huku akisema haki ya Mungu hajawahi kushika makalio ya mbwa tangu azaliwe. Walifaulu. Sajini aliingia sebuleni kwa mara ya kwanza tangu awe mkubwa, na Wamboi akausukuma mlango kwa kiuno ukajifunga. Ushindi haukufika mbali. Mbwa alizunguka kapeti mara moja, akakojoa akiwa anakimbia, akakanyaga sahani ya matumbo, akaruka juu ya kochi na kutokea dirishani na pazia zima shingoni. Walimkuta amejibanza nyuma ya kibanda chake, anatetemeka, pazia bado liko naye.

"Huyu hajakataa," Wamboi alisema akipumua kwa shida. "Huyu anaogopa. Mimi naenda kufunika githeri yangu."

Auma alifua kapeti, akafua pazia, akamfua na mbwa kwa matusi. Hasira yake sasa ilikuwa imepata pa kwenda, ikakaa ikimsubiri Erastus.

Erastus aliporudi na kusikia habari yote, alicheka. Alicheka kwa furaha ya kweli, akimpiga-piga Sajini ubavuni kwa kiatu, pole pole, kwa sifa.

"Si nilikuambia? Hiyo ndiyo inaitwa discipline. Wengine hapa wanafuga paka wakidhani ni mbwa."

"Baba Austine, discipline haizuii sumu."

"Nitamfunga na cheni."

"Cheni itamfunga mdomo? Wa Muigai alikuwa ndani ya kufuli."

"Muigai hakumfundisha wake."

"Wewe umemfundisha nini? Umemfundisha kukataa nyama iliyo kwa nyumba. Iliyo nje anakula!"

Erastus alivua soksi moja, akaitazama, akaiweka ndani ya kiatu.

"Mbwa akizoea kapeti," alisema, "hawezi kubweka tena. Hao wa kulala ndani ni wa wazungu na watu wa Runda. Mimi nimejenga Ruiru."

"Wewe ndiye unaogopwa, wewe ndiye atamsikia. Chuchumaa tu hapo mlangoni umwite pole pole, kama mtoto."

"Mimi? Nichuchumalie mbwa? Yawa, Auma! Muigai akipita hapo anione?"

"Muigai amezika wake leo."

Erastus alichukua rimoti akaongeza sauti ya taarifa ya habari. Auma alibaki amesimama na pazia lenye maji mikononi, akatamani kumtandika nalo. Aliolewa na mtu mwema, hilo alilijua. Hanywi, hazururi, mshahara analeta nyumbani. Lakini kumfanya aseme kwamba amekosea kulikuwa kazi kuliko kumwingiza mbwa ndani. Usiku huo alilala kwa vipande, na kila Sajini aliponyamaza alikaa kitako akisikiliza.

Kulipopambazuka alitoka na leso mabegani. Sajini hakuja kumpokea. Auma akazunguka nyumba, akapita banda la kuku, akamwona kwenye ua wa kayaba upande wa barabarani. Alikuwa ameketi wima, amejaa adabu, kichwa juu, anadondosha mate.

Juu yake, kwenye miiba, palinasa kipande cha nyama cha ukubwa wa ngumi. Kilikuwa kimechanjwa kwa kisu na kujazwa vichembe vya sumu vya rangi ya zambarau. Aliyekirusha alikosea kidogo tu, na kayaba, mti unaochana nguo za watu na kutoboa mipira ya watoto, ukakidaka. Ardhi chini yake ilikuwa imekanyagwa ikawa tope. Mbwa alikuwa ameruka hadi akachoka, na sasa alikuwa anangoja kianguke chenyewe.

Auma alimvuta, akampanua mdomo kwa mikono miwili, akamnusa ulimi. Hakikuonekana kitu. Akakaa palepale kwenye tope amemkumbatia mbwa, na mbwa bado shingo imegeukia nyama.

"Baba Austine! Toka! Toka uone!"

Erastus alitoka na kamba za viatu zinaburuta. Nje barabarani basi la wafanyakazi lilikuwa limeshaanza kupiga honi. Aliitazama nyama kwa muda.

"Itoe na mfuko wa plastiki," alisema, "uitupe kwa choo. Usiishike na mkono."

"Na mbwa?"

Honi ikalia tena.

"Nitafikiria," Erastus alisema, akaondoka.

Atafikiria! Auma aliitoa ile nyama kwa kijiti, akaitupa chooni, akamwaga maji ya moto juu yake bila sababu. Halafu akalia kwa hasira, akifuta macho kwa kiwiko kwa sababu viganja vilikuwa na sabuni. Mtu ameona kifo cha mbwa wake kikining'inia kwenye ua, na jibu lake ni kwamba atafikiria, kama mtu aliyeombwa mchango wa harusi.

Siku hiyo alijaribu tena, kwa upole. Akatandika gunia la kibanda cha mbwa ndani ya sebule ili harufu iwe yake. Akajaribu mlango wa nyuma, labda sheria ilikuwa ya mlango wa mbele peke yake. Akalala chali kapetini akajifanya amekufa. Sajini alikaa kizingitini akimsikitikia kwa macho. Kufikia saa nane Auma alijua kwamba hakuna chakula wala ujanja utakaovuka pale alipopita Erastus na ndara. Alichukua simu.

"Niko kwa line," Erastus alisema, mashine zikinguruma nyuma yake. "Ni nini?"

"Sajini asipolala ndani leo, mimi nalala nje na yeye."

"Mama Austine, usinitishe nikiwa kazini."

"Si vitisho. Nishatoa godoro."

Na kweli alikuwa amelitoa. Alilitandika barazani, akaliwekea blanketi la maua na mto, akaweka na chupa ya chai. Geti akaliacha wazi. Wamboi alipita mara mbili akielekea mahali ambapo hakuwa na shughuli. Muigai naye akapita, akasimama, akauliza kama Baba Austine amesafiri.

"Hajasafiri," Auma alimjibu. "Yuko."

Mume ambaye mkewe analala barazani hahitaji tangazo; mtaa utamtangazia. Auma alilijua hilo vizuri, na ndiyo maana alichagua blanketi la maua.

Erastus alifika jua likiwa bado juu. Sijui alimwambia nini bosi wake. Aliliona godoro, akaona na vichwa vya majirani, akalifunga geti mpaka komeo likalia.

"Unaniaibisha."

"Mwingize mbwa, nami nitaingia."

Alilitupa begi lake kwenye kiti, akasimama sebuleni mikono kiunoni, akafungua mlango wazi kabisa.

"Sajini! Ingia!"

Mbwa, aliyekuwa amekuja kumlaki hadi kizingitini, akalala kifudifudi.

"Nimesema ingia! Ndani!"

Sajini alijibana chini zaidi. Kila sauti ilivyopanda ndivyo alivyozidi kuwa bapa, mpaka kidevu chake kikawa kimegandamana na saruji. Erastus alipiga kofi pajani, na mbwa akarudi nyuma kwa tumbo hatua nzima.

"Mbwa mjinga huyu!"

"Si mjinga," Auma alisema. "Anakumbuka."

Erastus alimgeukia mkewe. Alichungulia dirishani, akahakikisha geti limefungwa. Halafu, polepole kama mzee, akapiga goti moja, akapiga la pili, na mwishowe akakaa kabisa chini kwenye kapeti na suruali yake ya kazi, miguu ameinyoosha mbele.

"Sajini," aliita. Sauti ilikwama. Hakujua kumwita mbwa kwa sauti hiyo, hakuwahi kuihitaji. Akajaribu tena. "Sajini. Njoo. Njoo, baba."

Auma hakuwa amelisikia hilo baba tangu Austine awe mtoto wa kubebwa. Sikio la Sajini lililozoea kulala lilisimama. Akainua mguu wa mbele, akauweka juu ya kizingiti, akautoa haraka kama aliyeguswa na moto. Akamtazama Erastus. Erastus hakusogea.

"Njoo tu, baba. Hakuna kitu. Njoo."

Mguu ukarudi. Ukakaa. Wa pili ukafuata. Sajini alivuka kizingiti akitambaa kwa tumbo, mwili wote ukitetemeka, akisimama kila baada ya shibiri moja ya kapeti kuangalia kama ameruhusiwa kweli. Auma hakuthubutu kupumua. Ncha ya mkia ilipopita, akausukuma mlango kwa kidole hadi ukafunga, akazungusha ufunguo. Yuko ndani. Waje sasa na nyama yao, waje hata na ng'ombe mzima! Auma alitamani kupiga kigelegele, akajizuia kwa kuuma leso.

Erastus alikuwa anatabasamu. Uso wake uling'aa vilevile kama siku za wageni na mfupa, na kwa kweli alikuwa na haki kidogo, maana ilikuwa imemgharimu.

"Umeona?" alisema. "Si nimemwita akakuja?"

Akainua mkono ili amshike Sajini kichwani.

Mbwa hakukimbia. Alilaza masikio yote mawili, akafumba macho kwa nguvu, akainamisha kichwa chini ya ule mkono, akangoja. Chini yake kapeti ilianza kulowa taratibu.

Mkono wa Erastus ulibaki hewani. Tabasamu lilimwisha usoni kidogo kidogo. Alimtazama mbwa, akautazama mkono wake mwenyewe, akaushusha akauweka pajani.

"Mama Austine," alisema kwa sauti ndogo, "huyu ananiogopa."

Tangu jana Auma alikuwa amemwandalia maneno, mengi na makali, na hapa ndipo pa kuyatoa. Aliyatafuta akakuta hayamo.

"Umejua leo?" alisema, akaenda kuchukua kitambaa cha kupangusia.